Gari la Bochaberi Lavutwa Kwenda Ubatizoni

Imetangazwa, na kwa kuwa imetangazwa basi ni kweli, kwamba gari lolote litakaloharibika katika barabara za upande huu litaondolewa mara moja, kwa usalama na kwa heshima, na bredauni iliyosajiliwa, yaani lori la kuvuta magari. Tangazo lilisomwa barazani Kehancha na afisa aliyetumwa na ofisi yenye jina refu kiasi kwamba alilitaja kwa vituo. Alieleza kwamba chombo kinachovuta lazima kiwe kizito kuliko kinachovutwa. Viunganishwe kwa mti au chuma kigumu, wala si kwa kamba. Mwendo uwe wa taratibu. Na uvutaji wa kienyeji, wa namna yoyote ile, umekoma. Mwisho akatoa nambari ya simu ambayo mwananchi angepiga bila malipo, naye angehudumiwa kabla injini haijapoa.

Watu walipiga makofi. Bochaberi, aliyeketishwa safu ya mbele kwa kuwa ndiye mwanamke pekee pale aliyekuwa na gari la kuharibika, aliihifadhi nambari hiyo kwenye simu yake kwa jina la Wokovu.

Bochaberi alizaliwa milimani, Ugusii, katika ukoo usio na gari wala uchu wa kuwa nalo. Aliolewa na Nyangau, wakahamia Kosele kuuza maharagwe. Nyangau alipofariki, mjane akafunga mizigo akaja Kehancha, kwa sababu Kehancha kulikuwa na mahindi na Kosele kulikuwa na watu wa kuyala, na mtu anayesimama katikati ya mahindi na njaa, akiwa na gunia na subira, hafi maskini. Wakuria walimzoea. Walimwita Mama Liz, kwa jina la bintiye aliyeko chuoni. Wasabato wenzake walimfanya shemasi, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni kuhakikisha Ijumaa alasiri sufuria zote zimeoshwa na hakuna anayetafuta kiberiti jua likiwa limezama.

Gari alilinunua kwa mwalimu mmoja wa Kosele aliyestaafu akaamua kufuga nyuki. Lilikuwa jeupe, la Kijapani, lenye mgongo mrefu wa kubebea magunia, na kitabu cha maelekezo kilichoandikwa Kijapani mwanzo mpaka mwisho. Bochaberi alikiweka pamoja na Biblia, kwa imani kwamba kitabu usichokielewa chote bado kinaweza kukulinda. Kuhusu gari lenyewe alijua jambo moja, ambalo mwalimu alimwambia siku ya kukabidhiana funguo: lina cc elfu moja na mia tano. Hakuwahi kuuliza cc ni kitu gani. Aliitaja tu, sokoni na kanisani, kama mtu anavyotaja cheo cha shemeji yake.

Katika maisha ya Bochaberi kulikuwa na jambo moja ambalo si gunia wala gari lililoweza kulisogeza, nalo ni mama mkwe wake, Nyasuguta. Bibi huyu aliishi Kosele na mwanawe mdogo, na alikuwa amewashinda wachungaji wa rika zote. Walikuja na nyimbo, wakaja na mahubiri, mmoja akaja na picha za rangi za wanyama wa mwisho wa dunia. Nyasuguta aliwasikiliza, akawapa chai, akanusa ugoro wake, akawauliza kama wazazi wao bado wako hai. Basi.

Halafu, bila kuhubiriwa na mtu, mwezi wa Julai alimpigia simu mke wa mwanawe.

"Hayo makambi yenu ya kanisa ni lini?"

"Agosti, mama."

"Nitakuja. Nitabatizwa."

Bochaberi aliketi juu ya gunia. "Mama, umesema nini?"

"Umesikia. Lakini nina masharti. Pikipiki sipandi, nyonga yangu haitaki. Nitakuja kwa hilo gari lako unalolisifu. Na nifike kanisani Ijumaa kabla jua halijazama, niipokee Sabato nikiwa ndani kama mtu mwenye adabu. Jua likinizamia njiani, nitajua nimejibiwa, nitarudi kwangu, na tusisumbuane tena."

Wanaomfahamu Nyasuguta walijua kwamba hayo hayakuwa maneno ya kupamba simu. Aliwahi kuacha kula samaki kwa sababu mmoja alimchoma mwiba.

Basi Ijumaa ya makambi, Bochaberi alikuwa barabarani kutoka Kosele, mama mkwe nyuma katika kiti kizima peke yake, amevaa kitambaa cheupe kichwani na mkebe wa ugoro mapajani. Alinusa ugoro Oyugis ikiachwa nyuma, akanusa Rongo, akanusa Migori.

"Mama," Bochaberi alisema kwa upole, "si unajua hiyo kitu kanisani haiingii?"

"Kanisani naiacha. Hapa ni barabarani. Barabarani mimi bado ni mpagani, niache nimalizie."

Walikuwa wameiacha Migori nyuma, Kehancha imebaki mwendo mfupi kwa gari na mrefu kwa miguu, ndipo boneti ikatoa mlio kama wa mtu anayepasua shuka. Sindano ya joto ikapanda. Bochaberi akaliegesha gari kando, akafungua boneti, akaona mkanda wa feni umelala juu ya vyuma kama nyoka aliyekanyagwa. Jua lilikuwa bado juu, lakini lilikuwa limeshaanza ile tabia yake ya alasiri ya kuangalia upande wa kutokea.

Akapiga Wokovu.

Msichana aliyepokea alikuwa na sauti safi na maswali mengi. "Gari ni la daraja gani, mama?"

"La kwenda kanisani."

"Uzito wake?"

"Na mama mkwe au bila mama mkwe?"

Vidole vikagonga kompyuta. "Giaboksi ni ya mkono au otomatiki?"

"Ni ya Kijapani. Lakini cc ni elfu moja na mia tano."

"Magurudumu yanayosukuma gari ni ya mbele au ya nyuma?"

"Dada yangu, kwa sasa hakuna linalosukuma."

"Sawa. Bredauni iko njiani."

"Njiani kutoka wapi?"

"Iko njiani tu, mama," msichana akasema, akamtakia alasiri njema.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mwanamume analima. Huyo ni Werema, Mkuria wa makamo, mtu wa tumbaku na mahindi, ambaye aliwafahamu maksai wake kuliko alivyowafahamu wakwe zake na aliwapenda kwa mpangilio huohuo. Walikuwa wanne: Diwani na Karani mbele, Askari na Bwana Shamba nyuma. Diwani alipewa jina hilo kwa sababu anakula sana na hageuki ila kwa kelele. Werema alisimamisha plau, akavuka barabara, akasalimia, akatazama ndani ya boneti kwa muda wa heshima, kama watu wanavyotazama maiti.

"Imekufa," akasema.

"Inataka kuvutwa," akasema Bochaberi. "Nimeambiwa bredauni iko njiani."

"Hata Yesu yuko njiani, mama." Werema alikuwa Mkatoliki wa Krismasi. "Mnataka kufika lini?"

Bochaberi akamweleza habari za jua na ubatizo. Werema akainama dirishani kumwona bibi, bibi akamwonyesha mkebe wa ugoro, Werema akachukua kidogo, akanusa, akapiga chafya ya shukrani. Baada ya hapo hapakuwa na la kujadili. Akaenda kuwafungua ng'ombe kwenye plau.

"Wakati wa baba yangu," Nyasuguta akasema kutoka nyuma, "gari la kwanza kuja kwetu lilivutwa na ng'ombe. Halafu mkasema mmeendelea."

Werema alifunga mnyororo wa plau kwenye kitu cha kwanza kilichoonekana imara mbele ya gari, yaani bampa. Kwa macho ya mkulima lilikuwa na kila sifa ya kitu cha kufungia mnyororo: liko mbele, ni pana, na halina kazi nyingine. Akatoa sauti. Maksai wakainamisha vichwa, nira ikalia, na bampa likaondoka.

Liliondoka peke yake. Maksai hawakugundua tofauti, au waligundua wakafurahi. Walikwenda nalo kando ya barabara likichora mfereji mzuri wa kupandia viazi, na walipofika umbali ulio sawa na urefu wa shamba la Werema, walifanya walichofanya maisha yao yote wakifika umbali huo: waligeuka. Wakarudi na bampa lao taratibu, wakasimama mbele ya gari, uso kwa uso, wakisubiri waambiwe mstari unaofuata uanzie wapi.

"Sasa imekaa kama imeng'olewa meno," akasema Nyasuguta.

Bochaberi akampigia Cephas, fundi wake wa Kosele, Mjaluo mwenye mikono myeusi na majibu meupe.

"Cephas, ule mkanda ulionifungia mwezi uliopita umekatika."

"Yawa, Mama Liz. Nilikuambia utakufikisha Kehancha. Haukukufikisha Kehancha?"

"Ulinifikisha."

"Basi. Sasa uko wapi?"

Alipoelezwa habari za ng'ombe na bampa, Cephas aliiweka simu pembeni. Kwa mbali ikasikika sauti yake akiwasimulia wenzake gereji, na wao wakicheka kwa lugha mbili. Kisha akarudi. "Mama, bampa ni ya kupendeza tu, kama tai. Huwezi kumvuta mtu kwa tai. Angalia hapo mbele, kuna kifuniko kidogo cha mraba. Ng'oa. Kuna tundu lenye nyuzi za skrubu. Halafu nyuma, chini ya tairi la spea, kuna chuma kina pete. Hiyo pete unaifunga kwenye tundu, unaikaza kabisa. Hapo ndipo Wajapani walitaka uvutwe. Na hao ng'ombe wanakimbia?"

"Ng'ombe wa plau, Cephas. Hawajawahi kukimbia."

"Hiyo ndiyo dawa. Otomatiki ikifa haitaki mwendo. Ungevutwa na lori mpaka Kehancha ungefika ukinunua giaboksi. Weka gia kwenye N, usiikimbize, ukimaliza kilima uipumzishe. Nani anashika usukani?"

"Mimi."

"Breki itakuwa ngumu kama jiwe, injini ndiyo huisaidia. Kanyaga na miguu yote miwili. Halafu mama, ufunguo..." Hapo simu ya Cephas ikaisha chaji, kama kawaida ya simu za mafundi.

Chuma chenye pete kilipatikana chini ya spea, chini ya magunia matupu, chini ya kiatu ambacho Bochaberi alikuwa amemlaumu jirani kwa kukiiba. Kilikuwa kipya kabisa; hakijawahi kuona jua tangu kitoke Japani. Werema akakifunga, akakikaza kwa mpini wa nyundo, akapitisha mnyororo, akaridhika. Bochaberi akaingia, akasogeza gia kwenye N. Kisha, kwa kuwa ni mfanyabiashara wa sokoni na hajawahi kuliacha gari lenye watu wageni karibu bila kuchomoa ufunguo, akachomoa ufunguo akautia kifuani.

Maksai wakavuta. Gari likaondoka kwa ulaini ulioleta machozi. Barabara ikapinda kidogo kushoto, Bochaberi akapinda usukani, nao ukalia *kak*, ukakaa palepale. Wajapani, ambao hawakuwa wamefikiria mama mkwe wala ng'ombe, walikuwa wamefikiria wezi: ufunguo ukitoka, usukani unajifunga. Gari likaendelea moja kwa moja kuelekea mtaroni kwa unyofu wa mtu mwenye msimamo. Bochaberi akasimama juu ya breki kwa miguu yote miwili mpaka makalio yakaacha kiti, na gari likasimama gurudumu moja likiwa limeshachungulia mtaro.

"Cephas alikuwa anataka kusema nini kuhusu ufunguo?" Nyasuguta akauliza.

Bochaberi akautoa kifuani, akaurudisha, akauzungusha kidogo. Usukani ukalegea.

Werema akawarudisha maksai nyuma kidogo, wakaling'oa gari pale, wakaendelea. Kisha ukaja mteremko. Hapo kila mtu alijifunza kwamba mnyororo unajua kuvuta lakini haujui kuzuia. Gari, lililokuwa limekataa kwenda tangu Migori, sasa likapata hamu. Mnyororo ukalegea, ukaburuta lami, na kabla Bochaberi hajaipata breki vizuri, pua isiyo na bampa ikamgusa Askari makalioni. Askari aligeuza kichwa akalitazama gari. Hakupiga teke. Ilikuwa sura ya mtumishi wa umma aliyeguswa begani na mwananchi.

Werema hakupenda. "Mama, atavunjwa miguu. Hii haiwezi." Akaegesha msafara, akaweka jiwe mbele ya gurudumu, akakata njia ya shambani kwenda kwake, akarudi amebeba begani mti wa mkokoteni, mkaratusi mnene uliokauka vizuri, wenye chuma kila upande. Upande mmoja akaufunga kwenye nira, wa pili kwenye pete ya Wajapani. Sasa gari likisukuma, mti unasukuma nira, nira inazuiwa na shingo nne, na hakuna anayemgusa mwenzake makalioni.

Mtu ambaye angepita pale akiwa na lile tangazo mkononi angelazimika kukiri mambo kadhaa. Maksai wanne waliolishwa vizuri ni wazito kuliko gari dogo la Kijapani, hata lenye mama mkwe. Kiunganishi kilikuwa mti mgumu. Mwendo ulikuwa wa taratibu kupita matumaini ya afisa yeyote. Lakini waliopita pale hawakuwa na tangazo. Walikuwa na pikipiki.

"Mama Liz, hiyo modeli mpya inakula nini?"

"Majani," akajibu Bochaberi, macho mbele.

"Na cc ngapi?"

"Ng'ombe wanne."

"Service unafanyia wapi, kwa daktari wa mifugo?"

"Kwa mama yako," akasema Nyasuguta, akafunga dirisha.

Tatizo lililobaki halikuwa la gari. Kila walipokwenda umbali wa shamba, Diwani alipunguza mwendo, akainamisha pembe kulia, na kuanza kugeuka, na Karani, asiye na maoni yake mwenyewe, akamfuata. Mara ya kwanza nusura waliweke gari la Bochaberi likitazama Migori. Werema alipiga kelele, alipiga mluzi, alitoa vitisho kwa Kikuria ambavyo Bochaberi alishukuru kutovielewa. Diwani hakuona hoja. Mstari umeisha, mstari ukiisha mtu anageuka.

"Unamgombeza bure," Bochaberi akasema mwishowe, kichwa dirishani. "Mpumzishe. Mwache afikiri amegeuka."

Werema akamtazama kama mtu aliyeambiwa amdanganye padri. Lakini alijaribu. Diwani alipopunguza mwendo, akamsimamisha, akampapasa shingo, akazunguka mbele yao upande huu na upande ule kama wanavyofanya mwisho wa shamba, kisha akatoa ile sauti ya kuanza mstari mpya. Diwani akatafakari. Akaanza mstari mpya, mbele.

Hivyo ndivyo walivyoilima barabara ya Kehancha, mstari baada ya mstari, na kila mstari na pumziko lake. Ilikuwa njia nzuri. Ubaya wake ni kwamba jua halikuwa na mapumziko. Lilikuwa limekwisha kuwa jekundu pembezoni, na vivuli vya maksai vilikuwa vimerefuka mpaka vinatangulia kufika mahali ambapo wenyewe walikuwa bado hawajafika. Bochaberi aliliangalia kwenye kioo cha pembeni, na kila alipoangalia alikuta limeshuka tena. Kioo kilikuwa na maandishi madogo ya Kijapani. Alidhani yanasema *harakisha*.

"Liko wapi?" Nyasuguta akauliza.

"Bado lipo, mama."

"Sikuuliza kama lipo."

Chini ya kilima cha mwisho, ambacho kanisa liko juu yake, wakakutwa na Mzee Angwenyi. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa suti hata kwenye matope, anayepanda bodaboda kwa upande kama mwanamke ili asikunje suruali. Akamsimamisha dereva wake, akashuka, akautazama msafara kuanzia pembe mpaka bomba la moshi.

"Dada Bochaberi. Umeliona jua?"

"Nimeliona, mzee."

"Na hawa umewaona?" Akanyoosha kitabu cha nyimbo kuelekea maksai. "Sabato iko mlangoni. Amri ya nne inawakataza kazi. Ng'ombe ametajwa."

"Huyu anaitwa Diwani," akasema Werema kwa wasiwasi wa kweli. "Yeye pia ametajwa?"

Dirisha la nyuma likafunguka. "Angwenyi," akasema Nyasuguta, aliyemjua tangu akiwa kijana wa kuiba miwa. "Ng'ombe ni wa Werema. Werema si Msabato. Mimi si Msabato mpaka kesho. Msabato hapa ni huyu mke wa mwanangu, na yeye ameketi tu."

"Ameshika usukani, mama. Kuendesha ni kazi."

"Gari limekufa. Ukisindikiza aliyekufa hiyo si kazi, hiyo ni matanga. Na jua likizama mimi narudi Kosele, na kesho mbele ya makambi yote utaeleza mwenyewe kwamba nilifika mpaka chini ya kilima nikakukuta wewe."

Angwenyi alilitazama jua. Alikuwa ametangaza mimbarini, si mara moja, kwamba Nyasuguta anakuja. Alikuwa hata ameomba dada waandae joho la ukubwa wake. Alifumba kitabu cha nyimbo akakitia mfukoni.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Mama ashuke tupunguze uzito," akapendekeza Werema.

"Nilikubali kuja kwa gari," akasema Nyasuguta, akafunga dirisha.

Basi Mzee Angwenyi akapewa jiwe. Kilima ni kitu kingine: maksai wakipumzika mwisho wa mstari, gari linataka kurudi lilikotoka, na breki ya gari lililokufa si ya kutegemewa na shemasi aliyechoka. Mtu lazima atembee kando ya gurudumu la nyuma, kwa ubavu, asikae nyuma yake kabisa, na wakisimama tu aliweke jiwe chini ya tairi, wakianza tu alinyanyue. Werema alimweleza hayo kwa kifupi. Dereva wa bodaboda akajitolea kusaidia, lakini Angwenyi hakumpa jiwe. Alilibeba mwenyewe, kwenye suti, akipanda kilima pembeni ya tairi kama anabeba sahani ya sadaka.

Mstari, pumziko, jiwe. Mstari, pumziko, jiwe. Kutoka juu zilisikika sauti za kwaya zikijaribu wimbo wa kufungulia. Jua lilikuwa limegusa vilima, na sehemu yake ya chini haikuwepo tena. Bochaberi aliacha kutazama kioo. Alijikuta anasema na Diwani kwa Kigusii, polepole, mambo ambayo hajawahi kumwambia mwanadamu: kwamba Nyangau alikufa akiomba jambo hili moja, kwamba yeye hana uhakika kama anamvuta huyu bibi kwa ajili ya mbingu au kwa ajili ya Nyangau, kwamba kwa vyovyote vile, Diwani, tafadhali. Nyasuguta nyuma hakuwa ananusa. Alikuwa ameushika mkebe kwa mikono yote miwili.

Karibu na lango, Diwani akapunguza mwendo. Hapakuwa na nafasi ya mstari mwingine. Werema hakupiga mluzi. Alimwendea sikioni akamwambia jambo, na hakuna aliyewahi kumtoa Werema kinywani alichosema. Diwani akavuta. Magurudumu ya mbele yakapita lango, yakapita ya nyuma, Angwenyi akaweka jiwe kwa mara ya mwisho, na Werema akachomoa msumari wa nira. Maksai wakatoka chini ya kazi, wakasimama wakipumua.

Kipande chembamba cha jua kilikuwa bado kinaonekana. Nyasuguta akafungua mlango mwenyewe. Akakataa mkono wa Angwenyi, akakubali wa Bochaberi. Akanusa ugoro kwa kituo, pua hii, kisha pua ile, kama mtu anayeaga watu wawili. Akafunga mkebe, akamkabidhi Werema.

"Shika. Mimi nimefika."

Akapiga hatua akaingia kanisani. Bochaberi alipogeuka kutazama vilima, jua lilikuwa limekwenda.

Kesho yake Nyasuguta alibatizwa mbele ya makambi yote. Alilalamika kwamba maji ni baridi, na kwamba mchungaji alimzamisha kwa haraka kama mtu anayeosha mboga. Hajanusa ugoro tena. Bochaberi bado ana gari, lina mkanda mpya na bampa lililofungwa kwa waya, na ukimuuliza habari zake atakuambia uzito wake, giaboksi yake, magurudumu yanayolivuta na mahali tundu la pete lilipo, hata kama ulikuwa umemuuliza bei ya maharagwe.

Bredauni ilifika Jumapili asubuhi pale kando ya shamba la Werema. Dereva alikuta mfereji uliochorwa vizuri na mavi ya ng'ombe. Alipiga picha ya mahali ambapo gari halikuwepo, akaituma ofisini, akarudi. Katika ripoti ya robo mwaka, iliyosomwa barazani na afisa yuleyule, gari moja lilitajwa kuwa limeondolewa barabarani kwa usalama kamili. Lilikuwa jeupe.